Lugha ya Kofia Nyekundu

Jumanne tarehe 9 Agosti 1994, saa tatu na robo asubuhi, ukungu ulikuwa umelala juu ya Ziwa Ekwi, na mvua nyembamba ya baridi ilikuwa ikinyesha bila upepo. Ilikuwa imenyesha hivyo tangu Jumapili. Nilikuwa nimesimama barazani mwa kituo chetu cha uchunguzi, juu ya ukingo wa kasoko, shimo la volkeno ya kale lililobeba ziwa, redio ilipoanza kuita kwa Kifaransa.

Lantum, mkemia niliyefanya naye kazi, alikuwa akikaanga mayai. Hakugeuka.

"Chura, ndugu zako wanakutafuta," alisema.

Jina hilo alinipa tulipokuwa kidato cha kwanza. Katika upande wetu wa Kamerun, tunakosema Kiingereza, chura ni jina la dharau kwa watu wa upande wa pili, wanaosema Kifaransa. Mimi nilibandikwa kwa sababu nililipenda somo lao. Shule yetu ya bweni ilikuwa ya mapadri: kengele, maji baridi, kimya mezani, viatu vilivyong'aa hata wakati wa matope. Mwalimu wa Kifaransa aliletwa kutoka ng'ambo ya mpaka ule usioonekana. Aliitwa Bwana Djoumessi, mtu mfupi, mwenye tai moja ya kahawia. Kila alipoingia, darasa zima lilikoroma kama bwawa wakati wa masika. Hakuwahi kukasirika. Alingoja bwawa linyamaze, kisha akaandika sentensi ubaoni kwa mkono ulionyooka.

Nilikaa mstari wa mbele, wala sikukaa pale kwa huruma. Nilikuwa nimelelewa kuamini kwamba kilichowekwa mbele yako kwa ajili ya kujifunza hukiachi sahanini. Siku moja alinizuia mlangoni.

"Wenzako wanadhani ninataka kuwageuza wawe watu wa Yaoundé," aliniambia. "Sina haja hiyo. Ninataka msikie tu. Mtu akija kukwambia jambo, usiwe umesimama pale kama mti."

Miaka ilipopita, chuo kimoja cha Ufaransa kilitoa nafasi moja ya kusomea volkeno. Usaili ulifanywa kwa Kifaransa. Kutoka upande wetu tuliitwa wengi, na baadhi yao, Lantum akiwamo, walinizidi kwa hesabu na kwa kemia. Baada ya swali la kwanza nilibaki peke yangu chumbani. Sikuona haya siku ile, wala sioni leo. Vitabu vingi kuhusu maziwa ya kasoko vilikuwa katika lugha hiyo, na walimu waliovijua vilivyo walifundisha kwa lugha hiyo. Mimi nilikuwa nimelipa bei ya kuingia nikiwa bado nimevaa kaptura.

Nilikwenda redioni. Aliyeita ni Daktari Ngassam, mwanamke aliyekuwa akichunguza ziwa linalofanana na letu, upande wa Kifaransa.

"Yongabi, baridi imewafikia?"

"Tangu Jumapili, Daktari."

"Hapa kwangu pia. Maji yenu ya juu yamepoa kiasi gani?"

Nikamweleza. Nilisikia mvua ya kwake ikipiga bati.

"Sasa nisikilize. Teremka ukaangalie chini ya mwamba wenu wa magharibi. Ukikuta maji yana doa jekundu, kama chai iliyomwagika, usipoteze muda kuniuliza. Watoe watu bondeni. Ziwa langu lilifanya hivyohivyo kabla halijatapika. Nilikuwa mwanafunzi, niliona kwa macho yangu haya."

"Mbona sisi hatukuwahi kuambiwa?"

"Nimesema hadi nimechoka! Yaoundé wananiambia watatafsiri. Nikipiga simu kwenu Bamenda, anapokea mtu, anasema hasikii Kifaransa, anakata. Nimwambie nani? Wewe ndiye wa kwanza kukaa kwenye hiyo redio ukanijibu."

Ndivyo tulivyofanya kazi katika nchi yetu. Maziwa mawili, ndugu kama mapacha, kila moja likichungwa kwa lugha yake, na kati yao kurasa zikingoja mfasiri ambaye hajaajiriwa.

Lazima niseme hapa tulichokuwa tukikiogopa. Chini kabisa ya Ekwi, ardhi ilikuwa ikipumua hewa ya ukaa ndani ya maji, na uzito wa maji ya juu uliibana pale kama kizibo kinavyobana soda. Maji ya juu yakipoa sana huwa mazito, huzama, na ya chini hupanda. Hapo kizibo hutoka. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, hivyo huteremka kama maji na kutuama mahali pa chini. Aliye juu ya kilima hupona. Aliye chini hulala na haamki.

Chini ya Ekwi kulikuwa na kijiji cha Ntombe, nyumba zikiwa zimeshikilia mteremko. Chini ya nyumba hizo, mwisho kabisa wa bonde, ulikuwa msitu wa mirafia, mitende ile inayogemwa pombe.

Tuliteremka na Lantum hadi majini. Doa lilikuwepo, jekundu, pana kuliko paa la kanisa.

"Udongo huo," alisema Lantum. "Mvua imeporomosha ukingo. Huyo mama yako wa Kifaransa anaota."

"Angalia tena."

Alichutama, akatumbukiza kipimajoto. Karibu na vidole vyake viputo vidogo vilikuwa vikipanda kwa mstari, kimyakimya, kama vile kuna mtu chini aliyekuwa akihesabu shanga. Lantum aliutoa mkono wake majini, akaufuta kwenye koti, kisha akaufuta tena.

"Chura," alisema kwa sauti ndogo, "piga hiyo simu."

Kanuni ilikuwa wazi. Onyo hutolewa kwa mkuu wa wilaya, na mkuu wa wilaya ndiye anayewaondoa watu. Tulirudi kituoni, nikampigia. Alipokea mwenyewe, akauliza kwa Kifaransa maswali ya mtu mwenye akili, akaniahidi kwamba majandarma, askari wa serikali, wangefika Ntombe kabla ya saa sita. Nilimwambia kwamba Ntombe hawasikii Kifaransa. Alinijibu kwamba hatari haihitaji tafsiri.

Tulianza kushuka kwa miguu kuelekea kijijini. Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba nilimwona Lantum kama kivuli cha mtu mwingine. Hakuna ndege aliyelia. Nusu ya njia, kipaza sauti kilianza kunguruma chini yetu. *Tokeni majumbani! Pandeni mlimani! Agizo la serikali!* Kifaransa safi cha kambi, kila neno limepigwa pasi.

"Wamewahi," nilisema.

"Wanasemaje?"

"Wanawaambia wapande."

"Basi mbona..." Lantum alinishika mkono.

Ukungu ulikuwa umepasuka kidogo. Tuliona mteremko wa Ntombe na watu wakikimbia. Wanaume walikuwa mbele, wanawake nyuma yao na watoto migongoni, mwingine akimburuta mbuzi kwa kamba. Walikimbia bila kelele, kama watu wanaojua vizuri wanakokwenda. Walikuwa wakiteremka. Mmoja baada ya mwingine waliingia kwenye mirafia, na mirafia ikajifunga nyuma yao.

Hapo nilikumbuka ilikuwa siku gani. Juma letu lina siku nane, na moja kati ya hizo ni ya kupumzisha jembe: hakuna anayekwenda shamba, kila mtu yuko nyumbani. Kwa hiyo ndiyo siku ambayo majandarma, wenye kofia nyekundu, walizoea kuja kufanya kalekale, msako wa wasio na risiti za kodi. Hupiga kelele kwa Kifaransa, huvunja milango, huwapakia wanaume kwenye malori. Na tangu enzi za babu zetu mahali pa kujificha kalekale palikuwa palepale: chini, kwenye tope la mirafia, ambako buti haliingii. Onyo letu lilikuwa limewafukuza kutoka mlimani, likawapeleka mahali pale hasa ambapo hewa ile ingekwenda kutuama.

Tulikimbia. Nyumba za kwanza zilikuwa tupu, vyungu vya ugali bado vikitoa mvuke. Kwenye kizingiti cha nyumba ya tatu aliketi Nawain Funkuin, mkuu wa wanawake wa Ntombe, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele, akivuta kiko.

"Nawain, shikamoo. Kwa nini watu wanashuka?"

"Marahaba, mwanangu. Washuke wapi tena? Kalekale hiyo. Mimi wameniacha, nani atakamata mguu huu alipe kodi?"

"Si kalekale. Wanasema mpande juu. Ziwa linataka kutoa hewa mbaya."

Alikitoa kiko mdomoni.

"Ndivyo wanavyosema hao?"

"Ndivyo."

"Na nani alikuwa akisikiliza? Kile Kifaransa kikisema, mtu anakimbia. Hasimami kuuliza kinasema nini."

"Watatoka tukiwaita?"

"Jaribu uone."

Malori mawili yalikuwa uwanjani, mbele ya jumba la mikutano. Juu ya moja alisimama mkuu wa askari hao, Ajudanti Belinga, mtu wa kusini, mnene, uso umelowa. Nilimfahamu kwa kupigiana saluti barabarani, si zaidi.

"Daktari!" alifoka aliponiona. "Watu wako ni viziwi? Nawaambia pandeni, wanashuka. Nimesema polepole kabisa."

"Nipe hicho."

Alinipa kipaza sauti. Nikasema kwa Kikom, lugha ya mama yangu, nikajitaja jina na jina la baba yangu, nikawaeleza juu ya ziwa. Ukungu ulimeza maneno. Kisha kutoka kwenye mirafia sauti ya mwanamume ikajibu, tulivu kabisa.

"Hata safari ile mlimleta mtoto wa Bobe Nges atuite kwa lugha yetu. Tukatoka. Mkatufunga. Nenda ukale nao hicho walichokuahidi!"

Vicheko vikafuata humo ndani, vya watu wengi. Nilisikia kicheko cha mtoto pia.

"Anasemaje?" aliuliza Belinga.

"Anasema amekwisha danganywa na sisi."

"Sawa." Alirudisha kofia yake sawasawa kichwani. "Nitaingiza vijana wangu humo, wawatoe kwa nguvu. Watanishukuru kesho."

"Wakiingia, watu watakimbilia ndani zaidi. Mirafia ile inateremka hadi mtoni. Utawapata lini?"

"Unataka nifanye nini basi? Niwaimbie?"

Nilirudi mbio kwa Nawain. Sikuwa na fikra nyingine ila hii: kwamba wanawake wa Kikom wana mlio wao, mkali, wa vidole kupiga midomo, ambao akiutoa mkuu wao hakuna mwanamke aliye huru kukaa. Hata akiwa jikoni, hata akiwa kitandani kwa mumewe, ataamka na kuufuata unakotoka. Nilimwomba autoe.

"Nikiutoa na kofia nyekundu zipo hapa," alisema, "unajua kitakachotokea? Watapanda kuja kupigana nazo. Watajaa uwanjani hapa na majembe. Hiyo ndiyo kazi ya mlio ule. Waondoe kwanza. Uwanja uwe mtupu, hata mlio wa injini usisikike. Halafu mnipandishe kilimani nilie kutoka kule."

"Wote?"

"Asibaki hata mwenye filimbi."

Nilimrudia Belinga. Alikuwa ameshawapanga askari wake mstari mmoja, marungu mkononi, wakitazama chini kwenye ukungu.

"Ajudanti, ondoka."

"Nimesikia vibaya."

"Umesikia vizuri. Zima kipaza sauti, pakia vijana wako, rudi hadi ng'ambo ya kigongo. Mpaka nikutumie habari."

Alicheka bila furaha. "Miaka yote jeshini, na hili ndilo agizo zuri kuliko yote. Watu wanakaribia kufa, na Belinga anawaokoa kwa kukimbia."

"Lugha yako inawatisha kuliko ziwa. Si kosa lako wewe leo. Lakini kila dakika unayosimama hapa, wapo kule chini. Hewa ile haitapanda kututafuta sisi, Ajudanti. Itakwenda kwao."

Nilimweleza basi: soda, kizibo, uzito, tope la mirafia. Nilimweleza kwa Kifaransa kile cha Bwana Djoumessi, sentensi kwa sentensi, bila haraka, kwa sababu niliona kwamba mtu huyu hakuwa mjinga. Alikuwa mtu wa amri aliyeletewa jambo lisilo na amri. Alinisikiliza hadi mwisho. Maji ya mvua yalikuwa yakidondoka kutoka kidevuni mwake.

"Unasema kama padri," alisema. "Wenzako wote hunijia na mkalimani. Ninasema maneno kumi, anawapa matatu." Alitazama malori, akanitazama mimi. "Agizo langu ni kutangaza hadi mtu wa mwisho atoke. Nikiondoka na akafa hata mmoja, nitaitwa. Na watu wa upande wenu ninawajua. Siku hiyo kila mtu atasema hakusikia, hakuelewa, Kifaransa kilimpita."

"Mimi kimenipita?"

"Hapana. Ndiyo maana nakudai wewe. Nikiitwa, utakuja. Utasimama karibu nami, na utasema haya uliyoniambia, kwa lugha hiihii, wanisikie wakubwa wangu. Bila mkalimani."

"Nitakuja."

"Sema vizuri."

"Nitasimama nawe, na nitasema kwa Kifaransa kwamba mimi ndiye niliyekuondoa."

Alivua kofia yake nyekundu, akaikunja, akaiingiza mfukoni. Malori yalipoondoka, ukimya uliojaa uwanjani ulikuwa mbaya kuliko makelele. Nilitazama juu, kuelekea ziwani. Hakukuwa na kitu cha kuona.

Lantum alimbeba Nawain mgongoni. Njia ilikuwa utelezi mtupu.

"Wewe si mtoto wa Nso?" Nawain alimuuliza sikioni. "Mbona unahema kama mbuzi wa sikukuu?"

"Nawain, wewe si unyoya."

"Mume wangu hakulalamika hata siku moja."

"Alikubeba?"

"Alinikimbia. Panda, mwanangu, panda."

Tulipofika kwenye nyasi za juu, aliteremka, akashika bega langu, akasimama. Akaweka vidole mdomoni. Nimesikia mlio huo mara chache maishani, na kila mara ngozi yangu husisimka. Siku ile uliingia kwenye ukungu kama kisu kwenye ngozi ya ngoma. Akatulia. Akautoa tena. Na mara, kutoka chini kabisa, mwanamke mmoja akaupokea. Kisha mwingine. Mirafia yote ikalia.

Walipanda. Walikuja na hasira, wengine na fimbo mikononi, wakitafuta adui, na watoto wao wakiwa nao kwa kuwa mwanamke hamwachi mtoto kwenye tope. Wanaume walikuja nyuma yao, polepole, kwa aibu ya watu walioachwa peke yao porini. Nawain aliwapokea kwa matusi ambayo sitayaandika, akawaketisha wote kwenye nyasi juu ya kigongo, akawakataza kushuka.

Saa nane mchana ilikuwa imekaribia, mke wa mgema Bobe Tim aliponifuata.

"Mume wangu hakuja."

"Yuko wapi?"

"Alisema lori zimeondoka, basi imekwisha. Alisema pombe aliyotega jana itachacha, naye hawezi kuiacha kwa ajili ya makelele ya wanawake. Nenda ukamwambie wewe, Daktari. Wewe atakusikia."

Nilianza kushuka. Lantum alinifuata, akanishika koti kwa nyuma, na kabla sijamsukuma tulisikia. Haikuwa radi. Ilikuwa sauti ya chini sana, kama ya ng'ombe mkubwa anayegeuka usingizini, nayo ilitoka nyuma yetu, juu, kwenye kasoko. Kisha ukungu mwingine ukaonekana kwenye pengo la ukingo. Ule wa asubuhi ulikuwa wa kijivu na ulielea. Huu ulikuwa mweupe, na ulimwagika. Ulipita kandokando ya kigongo chetu, mbali kidogo, ukifuata mkondo wa kijito, ukapita kati ya nyumba za chini za Ntombe bila kugusa paa hata moja, ukateremka kwenye mirafia. Ukakaa.

Mbuzi aliyekuwa akilia kule chini aliacha kulia.

Kunguru waliokuwa juu ya mirafia walishuka, si kama ndege wanaotua. Mke wa Bobe Tim alisimama karibu yangu, macho kwenye mirafia. Watu wote walikuwa wamesimama. Mtoto mmoja alimuuliza mama yake kwa nini pamekuwa kimya, naye mama akamziba mdomo kwa kiganja, kana kwamba kitu kile kilikuwa na masikio.

Tulimtoa Bobe Tim kesho yake, jua lilipochoma na upepo ukavuma, baada ya kuteremsha taa iliyowashwa mara kadhaa na kuiona haizimiki tena. Alikuwa ameketi chini ya mrafia wake, kibuyu kati ya magoti, kimejaa.

Septemba ilipofika, Belinga aliitwa Bamenda mbele ya tume. Shtaka lilisomwa kwa Kifaransa: alipewa agizo la kuwaondoa raia kwenye hatari, akaondoka yeye, na raia mmoja akafa. Siku iliyotangulia, mkurugenzi wangu alinikaribisha nyumbani kwake. Aliniandalia achu, magimbi yaliyotwangwa, na mchuzi wa njano, akanitilia nyama kwa mkono wake mwenyewe.

"Kula, kijana wangu. Umefanya kazi nzuri, nchi itakukumbuka." Alingoja nimeze. "Sasa kesho. Usijiingize sana. Mtaalamu wa kituo hatoi amri kwa majandarma. Ukisema ulimwondoa, watauliza nani alikupa mamlaka, na swali hilo litanifikia mimi. Sema ulimshauri. Ushauri na amri ni vitu viwili. Na sema kwa Kiingereza."

"Kwa nini Kiingereza, mkuu?"

"Mkalimani yuko. Maneno makali humpungukia njiani, unajua. Kila mtu atatoka salama."

"Belinga pia?"

Alichovya achu kwenye mchuzi kwa kidole, akanisogezea sahani ya nyama.

Lantum alinisubiri nje. Nilipomweleza, alipiga teke jiwe.

"Bwana mkubwa ana hila. Lakini sikiliza, Chura. Mara moja tu maishani mwako uwe mtu wa kwetu. Jifanye husikii. Nani atakulaumu? Huyo ni kofia nyekundu, kaka. Amekwisha fungia watu wangapi?"

"Wengi, nadhani."

"Sasa?"

"Sasa nimempa neno langu, naye akaondoka. Yeye alitimiza la kwake akiwa amelowa, watu wake wakimtazama."

Asubuhi Lantum alinipigia viatu rangi, kama tulivyopigiana bwenini siku za ukaguzi.

Mkalimani alikuwa ameshakaa karibu na kiti cha mashahidi. Mwenyekiti wa tume aliniuliza ningesema kwa lugha gani.

"Kifaransa," nilisema. "Bwana huyu anaweza kupumzika."

Mkurugenzi wangu, mstari wa nyuma, aliinamisha kichwa. Nilisimama karibu na Belinga, bega kwa bega, si kwenye kiti. Nikasema kwamba asubuhi ya tarehe 9 Agosti mimi, Yongabi, nilimwambia ajudanti huyu azime kipaza sauti na aondoke. Kwamba sikumshauri, nilimwondoa. Kwamba alinieleza wazi hatari ya kwake mwenyewe kabla hajakubali. Nikawaeleza kuhusu siku ya kupumzisha jembe, kalekale, na mirafia. Nikawaambia kwamba kama angelitii agizo lake hadi mwisho, Bobe Tim asingekufa peke yake, angekufa na kijiji kizima. Mwenyekiti aliuliza nani alinipa mamlaka. Nikajibu kwamba hakuna. Aliandika hilo kwa uangalifu, akalipigia mstari.

Belinga alirudishwa kazini. Mimi niliondolewa Ekwi kabla ya Krismasi, kwa barua ya mistari miwili, bila kutajwa sababu. Daktari Ngassam alinipigia jioni ileile. Alisema anahitaji mtu wa kuyachunga maziwa yote mawili kutoka upande wake, mtu wa kusikia redio ya huku na ya kule bila kungoja mtu atafsiri, na kwamba nisimjibu kwa adabu ya shule ya bweni, nipande basi tu. Nipo huko hadi leo. Ekwi linajaa hewa ile tena. Ninaliona kwenye vipimo kila juma.

Lakini siku ile ya tume, Belinga alinikuta ngazini, mvua ikianza. Alitoa kofia yake mfukoni, akaivaa, akairekebisha kwa vidole viwili.

"Umenilipa, Daktari," alisema. "Sikudai tena."

"Ndiyo," nilimjibu. "Nimelipa."

Akanipigia saluti, akashuka ngazi, akaenda zake.